Mkia Ulioazimwa kwa Harusi

"Wifi, utaurudisha lini?"

Mize aliuliza hivyo, lakini alichelewa. Shuwena alikuwa ameshageuka kujitazama, mashoga zake wanapiga vigelegele, na swali likaachwa linaelea juu ya maji.

Hayo yalitokea zamani, katika bahari kuu, kule ambako ukitazama pande zote huoni nchi kavu. Mize alikuwa samaki mzito kuliko ng'ombe, bapa na mviringo kama sinia la pilau, mdomo mdogo ulio wazi daima kama mtu aliyesikia umbea sasa hivi. Lakini alikuwa na mkia. Mkia mrefu, uliopinda kwa madaha kama mwezi mchanga, na akiupunga mara moja tu hata jodari wanampisha. Shuwena alikuwa papa, dada wa mumewe. Papa na sinia walipataje kuwa mawifi, msiniulize. Zamani watu waliolewa popote.

Basi kulikuwa na harusi kwa kina Jodari, na Shuwena, mwenye kijimkia kama kifundo, akaja kuazima. Nanyi mnajua, wifi akikuomba kitu cha kuvaa harusini humnyimi, labda uwe umechoka kuishi na mumeo. Mize akauvua, akampa.

Harusi ikapita. Fungate ikapita. Bibi harusi akaanza kula udongo, mkia haujarudi. Mize akaenda kuufuata, akijikokota kwa mapezi mawili, moja juu moja chini, akiyumba kama mlango uliong'oka bawaba. Shuwena akampokea vizuri sana, ndivyo walivyo, akamuulizia hata watoto. Kisha akashusha pumzi.

"Wifi yangu, mimi ningeuleta tangu juzi. Lakini nikurudishie chombo kitupu? Watu watanionaje? Ngoja nipate cha kuandamanisha."

Hapo alimbana. Desturi ni kwamba bakuli la mtu halirudi tupu. Lililokuja na futari litarudi walau na ndizi mbili. Shuwena akaichukua desturi ya bakuli akaivisha mkia. Na kutafuta alitafuta, tusimsingizie. Kila asubuhi aliufuata mkumbo wa dagaa, akauchapa kwa ule mkia kama mjeledi, dagaa wakalegea kwa kizunguzungu. Kisha akawaonja, aone kama wanafaa kupelekwa kwa wifi. Akaonja mmoja, akaonja wa pili, hadi wakaisha. Jioni hana cha kuandamanisha.

Mize akalifikisha jambo barazani kwa Mzee Nyangumi. Na alisema, jamani. Alisema kwamba desturi hiyo iliwekwa kumheshimu mwenye chombo, sasa imekuwaje inamnyang'anya? Kama heshima ni yake, ana haki ya kuisamehe, na hapo hapo mbele ya wote anaisamehe.

"Nileteeni mkia mtupu," akamaliza. "Sitaki hata dagaa mmoja."

Hakuna aliyeipinga hoja, kwa sababu haikuwa na pa kuipingia. Mzee Nyangumi akakohoa, akapuliza maji juu, akasema, "Mwanangu, umesema vizuri. Ila umesema kwa ukali."

Basi wakaijadili sauti ya Mize. Wakajadili alivyopaswa kuanza, alivyopaswa kumtaja wifi yake, na kama mama yake naye alikuwa hivyo hivyo. Jua likawa utosini. Walipokumbuka kwamba kulikuwa na mkia, njaa ilikuwa imewashika, wakaamua desturi ibaki ilivyo. Shuwena akalia kwa furaha, akaahidi kutafuta kwa bidii zaidi.

Aliyemwonea huruma Mize ni Chuchunge, mwenye mdomo kama sindano. Alimshona pale nyuma palipobaki wazi, akampigia pindo la marinda, walau asitembee kama nguo iliyochanika.

Na tangu siku hiyo samaki yule hana mkia, ana pindo tu. Hawezi kumkimbiza mtu, hivyo chakula chake kikubwa ni yavuyavu, wale viumbe laini wanaoelea, ambao hawana haraka ya kwenda popote. Huzunguka bahari kuu zote zenye vuguvugu, peke yake, na wavuvi humwona kwa nadra. Huzama gizani kwenye baridi kumtafuta wifi, akipanda juu hujilaza kibavubavu aote jua, jicho moja angani, ndege wakimdonoa chawa na kumpa habari. Mayai hutaga mamilioni, na watoto wake huanza maisha wakiwa na miiba mwili mzima, asije akatokea wifi wa kuwaazima kitu. Shuwena naye bado anachapa dagaa. Muulizeni, atawaambia bado anatafuta cha kuandamanisha.

Na wewe Zuhura, unayecheka kuliko wote: lile bakuli langu la bluu lenye mfuniko, lililokuja kwenu na tambi Idi iliyopita. Naomba ulirudishe. Lilete tupu.