Hatua Mia Moja za Mjomba Tembo

Zamani sana, wanangu, wanyama walipokuwa wakifunga milango kwa komeo, ndege Chozi alitua dirishani kwa Mama Pimbi, akamnong'oneza: "Mto umekula kingo. Mji unahama. Tembo anapima mji mpya leo!"

Moyo wa Mama Pimbi ukaenda mbio. Mwanawe Tunu aliugua kifua, na kila asubuhi Ngamia aliwapeleka kwa mganga. Lakini Ngamia hamngoji mtu. Wiki ile alikuwa amewaacha mara mbili, maana nyumba yao ilikuwa mbali na kituo.

Desturi ilikuwa hii: mkubwa wa mji, naye ni Tembo, huanzia kituo cha Ngamia, hupiga hatua mia moja, na anapoishia ndipo mpaka. Nyumba zote hujengwa humo ndani.

"Safari hii nitatanua hatua!" Tembo alinguruma wanyama walipokusanyika kituoni. "Kila mtu apate uwanja."

"Wa kugaragara!" Nyati akadakia.

"Na sisi wa miguu mifupi?" Mama Pimbi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtaamka mapema!" Nyati akajibu. Wakacheka, kwa! kwa! kwa!

Mama Pimbi akainamisha macho. Mgongoni Tunu alikohoa, kho! kho! kisha akasinzia.

"Mjomba," akasema, "nibebee mjukuu wako ukipima. Ila wanasema huwezi, ati kishindo chako kitamwamsha."

"Nani anasema? Mlete hapa!"

Hatua ya kwanza, tii! Tunu akajikunja, "Eee..."

"Shh, shh," Tembo akabembeleza. Akaanza kunyata. Nya, nya, nya.

"Mbona unatembea kama kuku anayekwepa tope?" Nyati akamzomea.

"Nyamaza, utamwamsha!"

Hatua ya mia iliishia penye mchongoma. Tembo akageuka. Kituo kile pale! Hata kope za Ngamia zilionekana.

"Mama Pimbi! Umenichezea!"

"Ndiyo, Mjomba. Lakini hizo ndizo hatua za mwenye mtoto mgongoni."

Tembo akatega sikio. Tunu alikuwa akikoroma shingoni mwake.

"Nyati," akasema taratibu, "tutajenga karibu karibu. Duka katikati, miti njiani. Uwanja wa kugaragara utakuwa mmoja, wetu sote."

Basi wanangu, mji upimwe kwa miguu ya anayechoka upesi.

Wakajenga. Asubuhi ya kwanza katika mji mpya, Mama Pimbi alikoroga uji, akaufunika, akauchukua, akambeba Tunu, akatembea bila kukimbia. Ngamia alipopiga magoti kituoni, Mama Pimbi aliufunua uji. Ulikuwa bado unafuka.