Sultani Mkavu na Mgeni Asiye na Kiu

Hapo zamani, zama ambazo uvumi ulitembea kwa miguu na bado ukafika kabla ya mwenyewe, palikuwa na sultani katika mji wa Kivumbani, jina lake Haidari bin Sefu, mtu wa nasaba na mali, ila alikuwa mkavu. Sisemi mkavu wa mkono, la, kutoa alikuwa akitoa. Mkavu wa mwili. Midomo imempasuka kama shamba la kiangazi, macho yamemdidimia, kichwa chamgonga kutwa kucha, na mambo ya chooni tuyaache, maana wajakazi wa jumbani walikwisha kuyasema ya kutosha.

Na sababu yake ni hii. Marehemu baba yake alikuwa akikaa barazani tangu jua kuchomoza hata adhuhuri bila ya kuinuka kitini, na watu wakimsifu, wakisema, "Tazameni haiba hiyo! Huyu si mtu wa haja ndogo." Basi Haidari alipotawazwa akaona haya kuinuka mbele ya raia na kwenda kule ambako hata wafalme huenda peke yao. Akajitafutia dawa: akaacha kunywa maji. Asubuhi kahawa chungu, jioni halua na kahawa tena, na mwenye kumletea maji hufukuzwa yeye na kikombe chake. Ikawa haiba anayo, lakini hasira nazo zikaja kukaa pamoja nayo. Mtu alipiga chafya barazani, akachapwa. Muadhini naye akaamriwa aadhini kwa kunong'ona, kwa kuwa sauti yake yamwingia sultani kichwani kama msumari.

Mjini humo alikuwako mjane jina lake Kidawa, mtu mzima, fukara wa kutupwa, msukaji mikeka. Hana kuku wala paka. Alichokuwa nacho ni kijumba cha udongo alichoachiwa na mamaye, na ulimi. Watu wakimwita punguani, kwa sababu alijibu swali vile lilivyoulizwa na akatenda neno vile lilivyosemwa, wala hakuongeza wala hakupunguza.

Siku moja yuko kisimani analowesha miyaa yake ya kusukia, na wanawake wenziwe wamemzunguka wakimsema sultani, maana kisima kisichokuwa na kusemana ni shimo tu. Mmoja akasema, "Mtu yule kalogwa." Mwingine akasema, "Ana jini, tena la kiume."

Kidawa akacheka. "Jini gani atakaye kukaa mahali pakavu vile? Shoga zangu, yule haumwi, ana kiu. Tazameni miyaa hii: ikiwa mikavu hukatika mkononi mwa msukaji. Na sultani akiwa mkavu, hukata wenzake. Angekuwa mkeka, ningemlowesha tangu juzi."

Basi maneno hayo yakafika jumbani kabla ndoo haijajaa. Na aliyeyapeleka hatumtaji, wajukuu zake wapo.

Ikawa Ijumaa baada ya sala, Kidawa akaletwa barazani na askari wawili, miyaa ingali mkononi. Sultani amekaa kitini, amekunja uso. Kando yake Waziri Nasibu, na wazee wa baraza wamejipanga mikekani.

Sultani akasema, "Ewe mwanamke, ni wewe uliyesema kwamba mimi nataka kulowekwa?"

"Nilisema ungekuwa mkeka, Bwana. Nami naona si mkeka."

Mzee mmoja akakohoa kuficha kicheko. Sultani akamtazama, kikohozi kikakoma.

"Na ukasema nina kiu."

"Hilo nalisema hata sasa, Bwana wangu."

"Vema. Mwenye kiu huomba maji, au sivyo? Basi nakupa hata Ijumaa ijayo. Ikiwa mimi, kwa kinywa changu, mbele ya baraza hii, nitaomba maji, nitakiri kwamba u mwenye akili kuliko sisi. Na nisipoomba, kijumba chako kitakuwa banda la punda wangu, nawe utatoka mjini na miyaa yako kichwani. Tena sikiliza! Usinambie ninywe, usiniletee maji wala usinitilie katika chakula. Ukifanya moja katika hayo, punda watahamia siku hiyo hiyo."

Waziri Nasibu akatabasamu, maana alikwisha kuwaona punda ndani.

Kijumba kile ndimo Kidawa alimozaliwa, na ndimo alimomvika mamaye sanda. Na pa kwenda pengine hana. Lakini akaitazama ile midomo ya sultani iliyopasuka, akamwonea huruma, na huruma ikampa akili.

Akasema, "Nimekubali, Bwana. Nami nina ombi moja dogo. Muda huo wote nifanye mgeni wako, nikae hapa barazani nisuke mkeka wangu, unitendee kama mgeni atendewavyo."

"Hilo tu? Nimekupa. Asije akasema mtu kwamba nyumba ya Sefu ilimnyima fukara ugeni."

Jumamosi asubuhi Kidawa akaja, akatandika kijamvi chake mbele ya kiti, akaanza kusuka. Hata kesi ya kwanza haijesha, akajishika koo.

"Hodi humu, wenyeji! Mgeni amekaukwa."

Mtumishi akapewa ishara, akaenda, akaja na kikombe cha maji ya mtungini, baridi, yana harufu ya udi. Kidawa akakipokea kwa mikono miwili, akakitazama, akakiinua kumwelekea sultani, akangoja.

Sultani akasema, "Kunywa basi, wangoja nini?"

"Nangoja mwenyeji aondoe uchawi, Bwana wangu. Kwetu, na kwenu, na kwa kila muungwana, mwenyeji huonja kwanza ndipo mgeni akanywa."

"Wanishuku mimi kwamba nitakutilia sumu?"

"Haula! Mimi sikushuku. Lakini nikinywa bila ya wewe kuonja, kisha kesho nikaamka na tumbo, watu wa kisimani watasemaje? Unawajua wale."

Sultani akawatazama wazee, na wazee wakatazama mikeka, mpaka mkubwa wao akasema, "Ada ndivyo ilivyo, Maulana. Hata babu yako alionja." Sultani akawaza, na kuwaza kwake kulionekana usoni: sharti langu lilitaja kuomba, na kuonja si kuomba. Akakitwaa kikombe akagusisha mdomo kama kuku dimbwini, akakirudisha.

Kidawa akakichungulia. "Bwana, huku juu kweli hakuna neno. Lakini sumu ya wakubwa ni nzito, hukaa chini."

Sultani akanywa nusu.

"Bado chini, Bwana."

Akanywa chote, akakigeuza kikombe mbele ya watu wote ili waone. "Haya! Umeridhika?"

"Nimeridhika mno. Lakini sasa mgeni hana cha kunywa."

Kikaletwa kingine. Na hicho kingine, jamani, nacho ni kigeni, hakijaonjwa. Ikawa hivyo asubuhi nzima. Kila kesi ikiisha, Kidawa hujishika koo, mtumishi huja, sultani huonja akisonya, na kesi nyingine huitwa.

Karibu na adhuhuri sultani akaanza kukaa upande. Akakaa upande wa pili. Akapachika mguu huu juu ya huu, kisha huu juu ya ule, na jasho likamtoka katika kipaji cha uso. Kidawa, ambaye macho yake hayakupitwa na kitu tangu utotoni, akaweka miyaa chini akasimama.

"Mgeni anaomba ruhusa, ana haja uani."

"Mtumishi atakuonyesha njia."

"Je, mimi ni mgeni wa mtumishi, au wa sultani? Mwenyeji humsindikiza mgeni wake, Bwana, angalau hata penye mlango wa ua."

Basi sultani akasimama upesi kuliko inavyompasa sultani, na baraza yote ikasema, "Mashallah, tazama unyenyekevu wake! Anamsindikiza fukara!" Wakaenda, yeye mbele, mgeni nyuma, mpaka wakafika uani, na huko kila mtu akashika mlango wake, na mimi si mtu wa kuchungulia.

Walipokutana tena penye mtungi wa kunawia, sultani alikuwa na sura ya mtu aliyetua mzigo. Lakini akaona haya, akasema kwa hasira, "Umenifedhehi, mwanamke. Marehemu baba yangu hakuinuka kitini hata siku moja."

"Haikumlazimu, Bwana."

"Una maana gani?"

Kidawa akasogea, akanong'ona. Na kunong'ona kwake kulikuwa kule kunakosikiwa jikoni, ndiyo maana leo tunajua. "Kikalio cha kiti cha marehemu alikisuka mama yangu, Mungu amrehemu. Aliagizwa aache tundu katikati, mduara wa sahani. Na chini ya kiti, nyuma ya pazia la hariri lililokizunguka, palikuwa na chungu."

"Mwongo we!"

"Mama yangu alikuwa akisuka kwa kipimo. Alipouliza, 'Tundu la nini?' alijibiwa, 'La haiba.'"

Sultani akamkodolea macho. Akafungua kinywa kumtukana, na badala ya tusi kikatoka kicheko, kidogo, kimekwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Wajakazi wakaangusha sufuria, kwani hawakupata kukisikia.

Tangu siku hiyo mambo yakawa mepesi. Kidawa huja, hujishika koo, sultani huonja mpaka chini, na kwenda uani hakukumtoa tena jasho. Akija mlalamikaji, Kidawa humwuliza, "Na wewe umetoka mbali, huna kiu?" naye hupewa cha kwake, na sultani huonja hicho pia, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Midomo ikaanza kufunga. Kichwa kikatulia. Muadhini akaruhusiwa sauti yake, na asubuhi iliyofuata akaadhini kwa furaha hata mbwa wa mji wakamwitikia.

Waziri Nasibu akamwinamia bwana wake sikioni, "Maulana, mwanamke huyu anakunywesha."

"Ninaonja tu, Nasibu. Umenisikia nimeomba?"

"Hapana, Bwana."

"Basi kawafagilie punda kile kijumba."

Kidawa aliyasikia hayo, moyo ukamwanguka. Alhamisi jioni akarudi kwake, akakaa kizingitini akautazama ukuta wa mamaye. Ni kweli: maji sultani anayanywa, afya anaipata, lakini kuomba hajaomba, wala hataomba maadamu kikombe chamfuata chenyewe. Akawaza sana. Kisha akaingia ndani akalala usingizi mzuri, jambo ambalo majirani hawakulielewa.

Ijumaa barazani palijaa hata madirishani, maana kila mtu alitaka kuona punda wakihama. Kidawa akatandika kijamvi, akasuka. Kesi ya kwanza ikaisha. Sultani akanyoosha mkono upande wake wa kuume, pale kikombe kilipozoea kuwapo, mkono ukashika hewa.

Akamtazama mgeni wake. Mgeni anasuka.

Kesi ya pili ikaisha. Sultani akalamba midomo. "Mgeni wetu, hujambo koo?"

"Sijambo, Bwana, koo safi kabisa."

"Jua la leo ni kali."

"Kali mno. Lakini mimi sina kiu."

Wakaingia wagomvi wa mbuzi, wakasema maneno marefu, na sultani hakusikia hata moja. Akapiga kofi. "Mpeni mgeni maji! Isije ikasemwa tumemsahau."

Mtumishi akaleta kikombe. Nje ya kikombe matone yametambaa kwa ubaridi. Kidawa akaweka mkono kifuani. "Ahsante, nimetosheka. Rudisha, mwanangu."

Sultani akasema kwa upesi, "Ngoja, nitauondoa uchawi kwanza, huenda kiu ikakujia baadaye."

"Utauondoa kwa ajili ya nani, Bwana, na mnywaji hayupo? Rudisha, baba, rudisha mtungini."

Mtumishi akageuka. Akaenda na kikombe, polepole asimwage, na macho ya sultani yakaenda naye, yakapita wazee, yakapita nguzo, yakafika mlangoni. Na mguu wa mtumishi ulipogusa kizingiti, sultani akasimama akapiga ukelele:

"Wewe! Lete hapa hayo maji, nina kiu mimi!"

Hata mbuzi wa ugomvi aligeuza kichwa. Sultani akasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia kutoka darini, akakaa taratibu.

"Nasibu," akasema, "nimeomba?"

"Umeomba, Maulana. Kwa kinywa chako."

"Nawe Kidawa, uliniambia ninywe?"

"Sikukwambia, Bwana."

"Uliniletea?"

"Mtungi ni wako, kikombe chako na mtumishi wako. Tena vyote vililetwa kwangu."

Hapo sultani akacheka, akacheka hata kilemba kikamlalia sikioni, na baraza ilipoona ni ruhusa ikaangua kicheko chote ilichokiweka tangu kutawazwa kwake. Akakinywa kikombe mpaka chini, akafuta mdomo kwa mkono kama mchukuzi, akasema, "Kijumba ni chako, na kuanzia leo hapana askari wala punda atakayepita kizingiti chake bila ya ruhusa yako. Nasibu, wewe ulikuwa umekwisha kukifagia. Basi sasa kipake na chokaa, ndani na nje, kwa mkono wako. Na wewe mwanamke, kaa hapa uwe mgeni wangu daima."

"Bwana, ugeni wa daima ni utumwa. Wageni unao, ni hawa walalamikaji. Kila aingiaye mpe kikombe, na uonje kwanza."

"Nimesikia," akasema sultani. Kisha akainuka kitini, akasimama wima mbele ya raia wote wanaume kwa wanawake, akasema kwa sauti ya kumshinda muadhini, "Ningojeni kidogo. Nakwenda chooni!"

Wazee wakatazamana. Yule mkubwa wao akainuka. Wa pili akainuka. Waziri Nasibu, masikini, ambaye miaka yote alikuwa akijibana ili afanane na bwana wake, hakutembea. Alikimbia na joho amelipandisha mkononi. Punde si punde barazani hapana mtu, ila wagomvi wawili, mbuzi wao, na Kidawa, ambaye alimwashiria mtumishi, akaletewa kikombe kilichojaa, akakinywa chote bila ya kungoja mtu akionje.

Nami hapa ndipo nilipoyakuta na hapa nayaacha. Mwenye kutaka mengine na aende kisimani, na asiende na koo kavu.