Semvua wa Jiwe la Kati na Nusu ya Maji

Wana wa Mbaru, mliovaa nguo safi kwa kuwa leo anawekwa mwamuzi mpya, tulieni kwanza, maana haifai mtu kukalia kigoda asichojua kilichongwa kwa msiba wa nani.

Katika enzi ambazo mlima huu ulikuwa haujawekewa mpaka na yeyote ila mvua, na miaka ikitajwa kwa majina ya njaa zake, alizaliwa Semvua mwana wa Kibacha, mwana wa Mghendi mchimba mfereji. Baba yake alikuwa mtu wa Juu, kwenye migomba na bwawa walilolichimba mababu. Mama yake alikuwa mtu wa Chini, kwenye mashamba ya mtama yanayokunywa kutoka bwawa lile lile kwa mfereji mmoja tu ulioteremka kama mshipa wa shingo. Hivyo kabla hajajua kutembea alikuwa tayari na wajomba upande mmoja na baba wadogo upande wa pili, na alipolia njaa, waligombana ni maziwa ya nani yatakayomnyamazisha.

Akakua, akawa mtu wa nguvu zisizosimulika. Siku Juu na Chini walipokutana kwenye tuta la katikati, mikuki ikiwa imeshainuliwa kwa damu ya mtu mmoja aliyeuawa mferejini, Semvua alikumbatia jiwe ambalo mafahali walishindwa kulisogeza, akalibeba mpaka baina ya majeshi mawili, akalitua kwa kishindo kilichowaangusha waliokuwa mbele, kisha akasimama juu yake na kutamka: "Atakayemfikia mwenzake aanze kwangu. Mimi ni nusu yenu na nusu yao, na kila mkuki utakaorushwa utamwua ndugu wa aliyeurusha."

Mikuki ikashuka. Na kwa kuwa hasira isiyopewa mahali pa kukaa hurudi nyumbani na mwenyewe, Semvua akaweka vigoda saba kulizunguka lile jiwe: vitatu vya waamuzi wa Juu, vitatu vya waamuzi wa Chini, na kimoja kati yao, chake mwenyewe. Hilo ndilo Baraza Kuu, mama wa mabaraza yote ya Mbaru. Watatu walisema, watatu wakajibu, na wa kati akanena mwisho; alipokwisha kunena alichomeka fimbo yake ardhini, na hukumu ikawa imeota mizizi. Ikawekwa sheria kwamba mwamuzi aking'oa fimbo aliyoichomeka, amejing'oa mwenyewe.

Hukumu yake ya kwanza ilikuwa ya yule muuaji wa mferejini. Waamuzi wa Juu walitaka auawe, maana marehemu alikuwa wao. Waamuzi wa Chini walitaka aachiwe, maana muuaji alikuwa wao na alisema alijitetea. Semvua akasikiliza mpaka wasemaji wakakaukwa mate, kisha akaamuru muuaji alime shamba la marehemu mpaka mwana wa marehemu aote ndevu, na kila jioni ale kwenye kizingiti cha mjane, asipite ndani wala asile nyumbani kwake mwenyewe. Wakacheka, wakasema huyu anaadhibu kwa ugali. Lakini yule mwana alipoota ndevu, ndiye aliyemwambia muuaji, "Baba, sasa ingia ndani." Tangu siku ile wakamwita Simba Asiyeegemea, Mizani ya Mbaru, Mwamba wa Katikati.

Majina makubwa humnyima mwenyewe usingizi. Semvua aliona kwamba akinywa maji ya Juu, Chini watanong'ona. Akila mtama wa Chini, Juu watanong'ona. Akatunga sheria ya mwisho juu ya nafsi yake, na hiyo ndiyo mliyozoea kuisifu kuliko zote: mguu wa mwamuzi usikanyage ardhi ya mgogoro. Akajenga nyumba yake kwenye tuta, kando ya jiwe, na wote wakaja kwake, yeye asiende kwa yeyote. Binti yake wa pekee, Nakijwa, alipoolewa Chini, ngoma zilisikika mpaka kwenye tuta, na baba wa bibi harusi alizisikiliza akiwa ameketi kigodani, mikono magotini, akijiambia kwamba huo nao ni uzani, na uzani hauna budi kumwelemea mtu.

Kirungu, mkuu wa waamuzi wa Juu, mtu wa maneno matamu yenye miiba, alikuwa akimtania: "Mwamuzi wetu ni kama mlango. Unatazama ndani, unatazama nje, na mvua ikinyesha hujui umelowa upande gani."

"Mlango ukiegemea upande, Kirungu, nyumba haifungiki," alijibu Semvua, na watu walicheka, naye akafurahi. Alipenda kuchekwa namna hiyo.

Ndipo ukaja mwaka unaoitwa Njaa ya Vumbi. Mvua ilipita mbali kama mgeni mwenye deni, bwawa likashuka mpaka mawe yake ya chini yakaonekana, na shauri likafika kwenye jiwe. Kirungu na wenzake wakasema mfereji uzibwe kabisa mpaka mvua irudi, kwani ng'ombe wanakufa wakilitazama bwawa. Sangiwa, mkuu wa waamuzi wa Chini, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akasema na wenzake kwamba mfereji ufunguliwe wote, kwani migomba ina mizizi ya kusubiri lakini mtama hauna.

Semvua alipima neno hili na neno lile. Akapata kwamba kila upande una haki, na kila upande umezidisha. Akasimama.

"Bwawa ni moja na watoto ni wa pande mbili," alitamka. "Maji yakatwe kati. Mlango wa mfereji uzibwe nusu kwa magogo na udongo, na nusu ibaki wazi, usiku na mchana, mpaka mvua irudi." Akachomeka fimbo.

Hakuna hukumu iliyopata kushangiliwa kama ile. Hata Kirungu aliinamisha kichwa. Wanawake wa pande zote mbili walipiga vigelegele, na Semvua akarudi nyumbani kwake akiamini kwamba alizaliwa ili alinene neno hilo.

Sasa sikieni jambo ambalo kila mchunga mbuzi wa Chini alilijua na mwamuzi mkuu hakulijua, kwa kuwa hakupata kwenda huko. Baina ya tuta na mashamba ya Chini mfereji hupita mahali paitwapo Kichangani, na mchanga wa pale una kiu ya tangu dunia kuumbwa. Maji yakija kwa wingi wake, mchanga hunywa sehemu yake na kuyaacha yapite. Yakija nusu, mchanga huyanywa yote. Kwa hiyo ile nusu ya haki iliyotoka bwawani ikimetameta iliingia Kichangani na haikutoka. Juu walitoa nusu kwa uaminifu, na Chini hawakupata hata tone.

Chini wakatuma mjumbe: maji hayafiki, yanaishia Kichangani. Juu wakajibu kwamba wao wameacha nusu wazi, njooni mpime kwa macho, kama yanapotea basi mnaibiana wenyewe. Semvua akapiga hesabu zake, na hesabu zake zilikuwa safi: nusu ya kitu ni kitu, nusu ya kibuyu hukata nusu ya kiu, haiwezekani nusu ya mto kuwa si kitu. Akahukumu kwamba kuna mwizi, akaamuru mfereji ulindwe. Walinzi wakaulinda mchanga.

Kisha akaja Nakijwa. Alipanda tuta akiwa na mwanawe mgongoni, mtoto aliyepewa jina la Kibacha, jina la baba yake Semvua, na midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka kama udongo wa kikaangoni.

"Baba," alisema, "sikuja kuomba chakula. Nimekuja kukuchukua twende Kichangani ukaone."

"Mwanangu, mguu wangu ukishuka upande wenu, kesho Juu watasema hukumu imelala huko huko."

"Basi usishuke kama mwamuzi. Shuka kama babu wa huyu."

Neno lile lilimchoma, na kwa muda nyayo zake zilisogea. Lakini alimwona Kirungu amesimama mbali akitazama, na sheria yake mwenyewe ikamshika kifundo cha mguu. Akageuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maji yake ya kunywa. "Mnyweshe mtoto. Na mbaki hapa kwangu, nyote wawili, mpaka mvua."

Nakijwa alimnywesha mtoto mkupuo mmoja, akakirudisha kibuyu. "Na wale niliowaacha nyuma, baba? Nao utawakata kati?" Hakungoja jibu. Semvua alimtazama akiteremka mpaka kitambaa cha mgongoni kikawa nukta, naye akajiambia kwamba ameshinda jaribu kubwa kuliko jiwe. Wazee wa Juu walimsifu sana jioni ile. Sifa zile ndizo zilizomla baadaye.

Baada ya hapo malalamiko ya Chini yakakoma. Hakuja mjumbe, hakuja mshtaki, na Semvua, akiketi mbele ya uwanja mtupu, akaona kwamba hukumu yake imekubalika na amani imetua. Mjue, enyi wana wa Mbaru, kwamba kimya cha watu walioridhika na kimya cha watu waliokwisha hufanana sana kwa mtu aliye mbali.

Mpaka siku aliyopanda Sangiwa, akikokota miguu, kigoda chake cha uamuzi kichwani. Alikiweka mbele ya jiwe, miguu ikielekea juu.

"Narudisha mali ya Baraza," alisema. "Nilikikalia kwa niaba ya watu. Wenye nguvu wamehama, wasio na nguvu tumewazika."

"Na Nakijwa?"

"Yeye anaishi. Tulipomzika mwanawe alituomba tusikuletee habari. Alisema utahitaji kusikiliza na upande wa pili kwanza."

Semvua akasimama, akashuka. Wote walioona walistaajabu, maana hawakuwahi kuona mgongo wake ukielekea Chini. Akaufuata mfereji kwa miguu yake, maji yakimsindikiza ubavuni, mpaka Kichangani. Na pale, mbele ya macho yake, maji yakafifia, yakawa unyevu, unyevu ukawa mchanga. Akapiga magoti. Akachimba kwa mikono ile iliyobeba jiwe, mpaka bega likazama, na vidole vikagusa ubaridi. Hapo ndipo ilipokuwa nusu yake. Ilikuwa imefika, ila haikumfikia mtu.

Alirudi kwenye jiwe akiwa na mchanga mpaka shingoni, akaishika fimbo. Kirungu akamzuia kwa neno: "Ukiing'oa hiyo, wewe si mwamuzi tena. Utakuwa mtu mwenye mjukuu tu."

"Ningalikuwa mtu mwenye mjukuu mapema," alisema Semvua, "wajukuu wa wengi wangalikuwa hai."

Akaing'oa. Akapanda bwawani peke yake, na vijana wa Juu waliomzuia kwa mikuki walitupwa kando kama maganda. Akazamisha mikono kwenye kizibo, akang'oa magogo moja moja, na maji yote yakaruka mferejini yakinguruma. Akiwa amesimama kwenye tope mpaka kiunoni alitamka hukumu yake ya mwisho, aliyoitamka akiwa hana tena haki ya kuhukumu: "Maji hayakatwi kwa upana, hukatwa kwa wakati. Zamu ya Juu iwe ya Juu yote, zamu ya Chini iwe ya Chini yote. Na asifungue kinywa mwamuzi ambaye hajaufuata mfereji mpaka mwisho wake."

Kisha akatangulia mbele ya maji, fimbo mkononi, akishuka nayo kama mtu aongozaye ng'ombe. Walimwona akipita tuta. Walimwona akiingia Kichangani, maji yakiwa visiginoni. Hawakumwona akitoka. Nakijwa, aliyekuwa amesimama kwenye shamba lililokufa, aliyaona maji yakija mapana na mekundu, na juu yake imelala fimbo, haina mwenyewe.

Hakuna upande uliomlilia. Juu walisema ametusaliti kwa ajili ya damu yake. Chini walisema amechelewa, na kaburi halinyweshwi likaota. Lakini sheria ya zamu ilibaki, na kwa sheria hiyo ninyi nyote mmezaliwa. Na waamuzi waliosalia walipomwita Nakijwa aje kumbariki mwamuzi mpya, aliwapeleka Kichangani, akamimina nusu ya kibuyu mchangani mbele ya miguu ya yule mtu, akamwambia, "Itafute." Yule mwamuzi alipiga magoti na kuchimba mpaka kucha zikatoka damu, ndipo akapewa kigoda. Desturi ikawa hiyo.

Ndiyo desturi yenu hata leo, ila mmeirekebisha. Kichangani ni mbali, mlisema, na kuna jua, na nguo za waamuzi ni za thamani. Siku hizi maji humiminwa hapa hapa, juu ya Jiwe la Kati. Mwamuzi huyatazama yakimetameta bila kupungua, huinua mkono kuwaonyesha watu na kusema, "Yamefika." Nanyi mnapiga vigelegele.

Haya, mleteni. Kibuyu kiko tayari.