Mwalimu Pimbi Atafuta Wakili

Enyi mlioketi.
— Tumeketi, na miguu imekufa ganzi kwa kukungoja.
Nimechelewa.
— Utatulipa nini?
Ngano.
— Basi lipa.

Palikuwa na Pimbi mmoja, mnyama mdogo wa majabalini, aliyesoma hata macho yakafifia. Alihitimu sarufi, akahitimu mirathi. Aliweza kuwagawia warithi arubaini ng'ombe mmoja pasiwe na wa kununa. Wanyama wakamwita Mwalimu, naye hakuwakataza.

Mwalimu Pimbi alikuwa amemposa Mwanamkuu, binti wa jabali la ng'ambo. Baina ya majabali hayo mawili palikuwa na bonde la mamba, na hapakuwa na njia ila mgongo wa Korongo, aliyewavusha abiria angani. Desturi yake ilikuwa nyepesi. Kila abiria alipewa unyoya mmoja kila safari. Korongo akichelewa hata kivuli cha nguzo iliyosimama mahali pa kumngojea kikasogea hatua tatu, abiria husimama chini ya kiota chake, huinua unyoya na kusema, "Nilingoja." Neno hilo moja tu. Korongo humpa kibuyu cha asali, na shauri limekwisha.

Siku ya harusi ya Pimbi, Korongo alichelewa. Kivuli kikasogea hatua tatu, kikasogea sita, kikasogea tisa. Hatimaye, pwa, pwa, pwa, bwana harusi akavushwa, akamkuta mama mkwe mlangoni, peke yake. Mama mkwe alimweleza kwamba wageni walimsubiri kwa njaa hata wakaondoka wakinung'unika. Akitaka kuoa, alete kibuyu cha asali cha kuwaomba radhi kabla jua halijazama Ijumaa. La sivyo, posa yake itarudishwa.

Pimbi akarudi kwao akishukuru, maana kibuyu cha asali ndicho hasa alichostahiki. Jumatatu akaenda chini ya kiota, tiki, tiki, tiki. Akainua unyoya. Akaushusha. Je, mtu wa daraja yake aombe asali kama kitoto? Tena aseme "Nilingoja" kavukavu, bila utangulizi, bila hoja, bila dua ya ufunguzi? Akaanza kuutunga utangulizi kichwani. Ulipofika ukurasa wa tatu, akamwona Fisi.

Fisi alikuwa amejinyoosha palepale, akiwasubiri waliosubirishwa. Akamweleza Pimbi kwamba kudai ni bahari isiyo na pwani, na wengi wameingia wasirudi. Yeye angemsemea, kwa ujira wa theluthi.

"Theluthi," akasema Pimbi, na moyo ukamtulia. Theluthi aliijua tangu chuoni; ndiyo kikomo cha wasia. Akamkabidhi unyoya. Hakuuliza ni theluthi ngapi.

Jumanne akaenda, tiki, tiki, tiki. "Bwana Fisi, asali yangu i wapi?"

"I njiani, Mwalimu."

Jumatano akaenda, tiki, tiki, tiki. "Bwana Fisi, asali yangu i wapi?"

"I njiani, Mwalimu. Imeketi kupumzika."

Alhamisi Fisi akaleta kibuyu, midomo yake ikimeremeta. "Theluthi ya ulimi, Mwalimu. Theluthi ya miguu. Theluthi ya subira yangu. Kibuyu chenyewe ni chako; sikukitoza kitu."

Pimbi akachungulia ndani. Akanusa. Bingwa wa mirathi alikuwa ameugawa urithi wake angali hai, asijiachie fungu. Akameza mate, na baada ya mate akameza hasira.

"Umenitumikia vyema," akasema. "Ninalo dai jingine, kubwa kuliko hili. Yuko mtu amekula amana yangu, na pangoni mwake mna vibuyu vimejaa."

Masikio ya Fisi yakasimama. Hakuuliza ni nani. Aliuliza ni vibuyu vingapi. Wakaafikiana wadai vitatu, na safari hii Pimbi akaandikisha: theluthi ya kila kibuyu, theluthi moja, basi.

Ijumaa asubuhi wakasimama mbele ya Kadhi Kobe. Fisi akamsemea Pimbi kwa ufasaha uliowaliza hata mbuzi waliokuwa wakipita. Alimwita mla amana huyo mnyang'anyi wa wanyonge, aibu ya mama yake, tumbo lenye miguu. Akaapa kwamba ana yakini na aliyoyasema, akaomba hukumu itekelezwe siku ileile.

"Hukumu imepita," akasema Kobe. "Vibuyu vitatu, leo. Jina la mdaiwa?"

"Ni huyu aliyenisemea," akasema Pimbi.

Fisi akacheka, kwi, kwi, kwi. Kisha akaacha. Akataka kuondoa maneno yake, lakini Kobe akamjibu kwamba katika miaka mia moja ya ukadhi hajapata kumwona mshitakiwa aliyejishitaki vizuri namna ile, na ingekuwa hasara kuyapoteza.

Vibuyu vikaletwa. Fisi akadai ujira wake, akapimiwa theluthi ya hiki, na ya hiki, na ya hiki, hata kibuyu kimoja kikajaa. Akaondoka nacho akijipongeza kwa kutotoka mikono mitupu.

Pimbi akaenda nguzoni na viwili vyake. Korongo akachelewa. Kivuli kikasogea hatua tatu. Hata hivyo Pimbi alivuka, akafika jua likiwa juu ya kilele kama chungwa juu ya chano, na mama mkwe akaipokea asali. Akamwuliza aliipataje. Pimbi akamsimulia kisa chote, tangu unyoya hata hukumu.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "kwa nini hukuomba mwenyewe?"

Mwalimu akajibu kwa kumsifu mpishi.

Nikahi ikafungwa. Korongo, aliyekaribishwa karamuni, akamsogelea bwana harusi na kibuyu cha asali chini ya bawa. "Mwalimu, leo pia ulingoja. Unyoya unao. Sema tu."

Pimbi akainua unyoya. Akasafisha koo. Akautafakari utangulizi. Kisha akaushusha, akawatazama wageni mmoja mmoja, huku na huku, akitafuta kama Fisi naye alialikwa.

Nimelipa.
— Umelipa. Fundisho lake?
Usiseme mwenyewe neno moja, iwapo yuko wa kukusemea elfu.
— Na wewe, mzee, asali yako ulidai mwenyewe?
Swali hilo mpelekeeni wakili wangu.

Ngano imeshuka, aliyesimama akae, aliyekaa aende zake.