Rejeta Iliyopakwa Rangi ya Shaba

Mtu mmoja alikuwa na kompyuta yenye homa. Msicheke. Kwa ile baridi ya Makambako inayogandisha hata ugomvi wa mke na mume, mtaa mzima ulikuwa unakuja kuota moto kwenye mgongo wa ile mashine. Mtu huyo, Andengenye, kazi yake ilikuwa kuunganisha video za harusi. Ndani ya diski yake kulikuwa na bibi mmoja anambariki mjukuu wake. Bibi alishafariki. Sauti yake haikuwepo kwingine popote duniani, na ukoo ulikuwa unaisubiri kwa siku ya kumbukumbu yake ya mwaka.

Lakini kila akianza kazi, mashine inachemka, inajizima. Basi akaamua kuipoza kwa maji, kama gari. Juu ya ubongo wa mashine akafunga kibamba cha shaba. Pampu inasukuma maji, maji yanabeba joto, yanakwenda kupoa kwenye rejeta. Fundi wa rejeta, mama mmoja anaitwa Tusekile, akamwambia achukue rejeta ya shaba na atie kulanti, yale maji ya dawa ya kuzuia kutu. Sasa ile ya shaba ilikuwa kuukuu, nzito, imejaa makovu. Andengenye akachukua ya alumini, inang'aa mpaka kuku walikuwa wanasimama mbele yake kujipamba. Ili ifanane na kibamba, akaipuliza rangi ya shaba. Wageni wakasifu. Hata mimi ningesifu, na mimi huwa sisifu kitu kisicho changu.

Kulanti akaona ya nini. Akatia maji ya bomba.

Maji yakachafuka kama togwa. Akamwaga, akatia ya mvua. Yakachafuka. Akatia ya chemchemi, akatia ya chupa za dukani. Alihama maji kama nyinyi mnavyohama makanisa, na kila alipokwenda alikuta maji ndiyo yenye makosa. Kumbukumbu ikakaribia. Siku moja rejeta ikatoboka, mashine ikachemka ikazima, bibi yuko katikati ya baraka, na matone yanatambaa kuifuata diski. Andengenye akaichomoa, akaifuta kwa shati alilovaa.

Rejeta akaikumbatia kama mtoto mgonjwa, akampelekea Tusekile. Mama akaipasua kwa msumeno. Ndani imeliwa, inamomonyoka kama mkate uliolowa.

"Lakini nilizifananisha, mama!"

"Baba, rangi umepaka nje. Maji yanapita ndani, na ndani ni alumini; ikichangia maji na shaba, alumini huliwa."

 Andengenye akaibeba ile ya shaba, kuukuu yenye makovu. Akaisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akakisugua kibamba, akakausha kila kitu, akafunga mipira upya, akatia kulanti. Akaiacha pampu izungushe peke yake, mashine imezimwa, karatasi kavu chini ya kila kiungio, naye amekaa hapo anazikodolea kama mtu aliyeapa kumkamata mwizi wa kuku. Halikudondoka tone. Ndipo akairudisha diski, akawasha.

Siku ya kumbukumbu, bibi alibariki mpaka "amina".

Ndugu zangu, mioyo mliyopewa ni ya shaba. Mmeifunga pamoja na nini, hata kila mwaka mnamwaga maji?