Mvua ya Baadhi ya Maeneo

Hapo zamani, na wala si zamani ya mbali, maana redio zilikuwa zishaingia majumbani, huko Pemba aliishi mjane mmoja, Bi Riziki. Alikuwa na mikarafuu michache, binti mmoja, na paa la makuti lililovuja mpaka juu ya kitanda.

Vuli ya mwaka huo binti yake, Zuwena, alirudi kwa mama kujifungua mimba yake ya kwanza, kama ilivyo ada. Bi Riziki akatazama tumbo la mwanawe, akatazama paa, akatazama karafuu alizozianika uani juu ya majamvi. Zikikauka, zitanunua mabati. Zikirowa, zitakuwa mpeta, karafuu mbovu zisizo mnunuzi, na mjukuu atazaliwa chini ya matone. Akaapa mbele ya majirani, na mkwewe, baba wa mtoto, akaridhia: "Atakayeziokoa karafuu hizi na mvua, ndiye atakayempa mjukuu wangu jina."

Jirani mmoja, Bwana Shaame, alikuwa mtu wa redio. Haikumtoka begani. Jioni moja akapita nyumba hadi nyumba akinguruma kama mtangazaji: "Vipindi vya mvua kubwa na upepo mkali vinatarajiwa katika baadhi ya maeneo ya kisiwa! Uwezekano wa kutokea ni wa wastani! Wananchi wanashauriwa kuchukua tahadhari!"

Watu wakacheka. Wiki iliyopita aliwatia hofu hivyo hivyo, wakaanua karafuu zao, na jua likawaka mpaka magharibi. Tena kila mtu alijua kwamba "baadhi ya maeneo" ni kijiji cha pili. Na kijiji cha pili, nasikia, walisema ni sisi.

"Shaame, huo uwezekano wa wastani ndio nini?" akauliza Bi Riziki.

"Maana yake itanyesha, na isiponyesha msitulaumu."

Bi Riziki akacheka naye, lakini akaenda msikitini kuazima turubai la maulidi, lile kubwa. Mwenye mjukuu njiani hachezi bahati nasibu.

Kesho yake mbingu zilikuwa safi, hata wingu la dawa hakuna. Turubai likabaki limekunjwa barazani. Bi Riziki akavaa kanga mpya, akamwacha Zuwena amejilaza, akashika njia kwenda harusini. Hajafika mbali akamkuta jirani mwingine, Bi Mize, kachuchumaa anatazama siafu.

"Rudi, shoga yangu. Siafu wanahama na mayai yao. Alasiri haiadhiniwi ila mvua ishafika."

"Shaame alisema hivyo kwenye redio yake."

"Redio inakaa mjini. Siafu wanakaa hapa."

"Ni mvua kubwa?"

"Aa, rasharasha tu. Zitupie karafuu zako kanga mbili, zitasalimika."

Bi Riziki akarudi, pilau ya watu ikamkosa.

Ng'ambo ya ua, jirani yake Faki alikuwa akigeuza karafuu zake. Alipomwona mama wa watu anaburura turubai juani, alicheka mpaka akakaa chini. "Redio! Siafu! Mimi naamini jua hili ninaloliona!"

Hakumaliza kucheka. Upepo ukaja, mvua ikamwagika, turubai likainuka na Bi Riziki na Zuwena, aliyetoka kusaidia, wakilining'inia, na tumbo lile! Faki akaona. Karafuu zake zilikuwa wazi miguuni pake. Akaziruka, akavunja ua, akajitupa kifudifudi juu ya turubai, mikono huku, miguu kule. Akalala hapo radi zikipiga, akisoma kila dua aliyoijua na nyingine za kubuni, mpaka mvua ikakatika.

Karafuu za Bi Riziki hazikurowa hata punje. Za Faki zilikwenda na maji. Mkewe alisema nini, tuyaache. Hapa pana watoto.

Mabati yakapanda paani. Zuwena akajifungua mtoto wa kike, na paa halikudondosha tone. Siku ya saba, mbuzi wa akika tayari, majirani watatu wakafika, kila mmoja na jina lake mdomoni.

"Aitwe Kazija, kama mama yangu," akasema Shaame. "Bila redio yangu turubai lingetoka wapi? Kanga za Bi Mize zingefunika nini siku ile?"

"Aitwe Mize," akasema Bi Mize. "Turubai lako lilikuwa limekunjwa barazani na mwenyewe yuko njiani kwenda kula pilau! Nani aliyemrudisha? Redio haikutaja siku wala saa."

"Aitwe Subira," akasema Faki. "Maneno yenu yalisikika kijiji kizima. Yalishika pembe gani ya turubai? Mimi nimepoteza zangu."

"Umezipoteza kwa ubishi wako!" wakamjibu wote wawili. "Ungetusikia, ungeokoa zako na zake."

"Ningewasikia, ningekuwa nafunika zangu. Zake angezilalia nani?"

Zuwena akachungulia paziani, mtoto kifuani. "Na mimi niliyening'inia na tumbo langu, kisha nikazaa?"

Bi Riziki akashika kichwa. Kiapo ni kiapo, na jina ni moja.

Haya, nyinyi mnaocheka hapo, mbuzi anasubiri na mtoto analia. Je, ni nani aliyestahili kumpa jina?