Kisigino Juu ya Gia Namba Mbili

Wapendwa, alikuwepo dereva mmoja wa bodaboda, huko milimani ambako barabara ni ya kokoto na kila safari ni kupanda au kuteremka. Mtu mzuri tu, wa kwenda ibada, wa kusalimia wazee. Shida yake ilikuwa gia namba mbili.

Wenye pikipiki mnanielewa. Unaingiza gia namba mbili, inaingia vizuri, unateremka nayo injini ikikuzuia taratibu. Mara, klak! Gia imechomoka. Injini inaunguruma bure, magurudumu yanajiendea yenyewe na wewe uko juu yake.

Akaenda kwa fundi. Fundi akaisimamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, akaanza na vitu vya nje. Akavuta mkono wa klachi, waya uko sawa. Akatikisa kanyagio la gia, halichezi. Akawasha, akaingiza gia moja moja, akisikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Mwisho akafungua boliti ya chini, akamwaga oili kwenye beseni, akaikoroga kwa kidole. Kidole kikatoka kinametameta chengachenga za chuma.

"Ugonjwa uko ndani, ndugu yangu," akasema. "Gia namba mbili imelika, haishiki. Huku nje hakuna cha kukaza. Niachie siku mbili nipasue injini."

"Siku mbili! Fundi, wateja wangu nimwachie nani?"

"Hao hao wateja ndio ninaowawazia."

"Nitaileta, fundi. Msimu wa mavuno ukipita tu."

Unajua alifanya nini? Alijifunza kuishi nayo. Aligundua kwamba ukikandamiza kanyagio la gia kwa kisigino, kwa nguvu, usiliachie mpaka mteremko uishe, gia haichomoki. Basi akawa anateremka mlima mzima mguu umekaza hivyo. Mwezi wa kwanza paja lilimuuma. Wa pili likazoea. Wa tatu hakuwa anajua kwamba anakandamiza.

Msimu ukapita, ukaja mwingine. Halafu, sikilizeni hii, akaanza kujivunia! Wenzake kijiweni wakimtania kuhusu pikipiki yake mbovu, anawajibu: "Mbovu kwenu. Mimi sihitaji hata kufuli. Mwizi akiichukua hii, hafiki kwenye daraja. Inajua mguu wangu tu."

Mnacheka. Hata wao kijiweni walicheka sana.

Ikafika siku akashikwa na malaria. Yuko kitandani, anatetemeka, blanketi mbili. Na siku hiyo mama yake alikuwa na kliniki ya presha, kule bondeni, na dawa zilikuwa zimekwisha. Mdogo wake alikuwa amekuja likizo kutoka mjini. Kijana anayejua pikipiki, mwenye leseni, asiyekunywa. Akasimama mlangoni.

"Kaka, nipe ufunguo nimpeleke mama."

"Upo msumarini. Mpeleke polepole, mama haogopi ila hapendi mbio."

"Nitampeleka kama yai."

"Haya. Mafuta yapo ya kutosha."

Akageukia ukutani, akalala.

Mafuta alikumbuka kuyataja. Gia hakuitaja. Ni homa iliyomsahaulisha? Hapana, wapendwa, msimwonee malaria. Hakuitaja kwa sababu kwake haikuwa kasoro tena. Ilikuwa imeshakuwa tabia ya mguu wake, na nani humweleza mwenzake namna anavyotembea?

Walishuka vizuri mpaka kona ya tatu. Pale chini ya msikiti, pale panapoinama sana, gia namba mbili ikachomoka. Kijana akaingiza tena, ikachomoka. Akakanyaga breki ya nyuma mpaka ikanuka moto. Akashika ya mbele, gurudumu likateleza kwenye kokoto, na kona ikawa imeshafika.

Mama aliangukia kwenye majani ya ukingoni, akavunjika nyonga. Kijana aliangukia kwenye mawe. Tulimzika siku ya tatu.

Mbona hamcheki tena?

Yule kaka alipopata nafuu alikwenda hospitali kumwona mama yake. Alikuwa amejiandaa kwa lawama, maana lawama zina nafuu yake, unazipokea unalia, yanaisha. Mama hakumlaumu. Mama hakujua lolote kuhusu gia. Alimshika mkono akasema:

"Mwanangu, kuna neno linanisumbua. Mdogo wako alikuwa anakanyaga, anakanyaga, huku ananiuliza, 'Mama, kaka huwa anafanyaje hapa? Kaka huwa anafanyaje?' Aliniuliza mara mbili. Sasa mimi ningejuaje, baba? Ulikuwa unafanyaje?"



Baadaye pikipiki ilipelekwa kwa fundi. Fundi aliipasua, akabadilisha gia iliyolika na kile chuma kinachoisukuma, akaifunga. Siku mbili, kama alivyosema tangu mwanzo. Sasa gia inaingia laini na haichomoki. Lakini mwenyewe akifika pale chini ya msikiti, kisigino bado kinakandamiza. Anakiambia kiache, hakiachi.

Sasa tuzungumze sisi.

Sisi tuna gia zetu zilizolika. Wewe baba una hasira. Unasema, naimudu, mke wangu ananijua, anajua nikinyamaza hivi asiniguse. Sawa, mkeo amejifunza. Je, mwanao wa kiume anayekutazama, akioa, huyo mke mgeni naye ataijua? Wewe mama una ulimi wa kusengenya, unajua wapi pa kuuzuia ili usifumaniwe. Binti yako ameuchukua ulimi, pa kuzuia hajaonyeshwa. Wewe unakunywa na hulewi ukaanguka, unajisifu kwamba pombe unaiweza. Nani alikuuliza kama unaiweza wewe?

Tumezoea kudhani kwamba dhambi tusiyoanguka nayo imeshapona. Haijapona. Tumeikazia kisigino tu. Na wengine wetu, Mungu atusamehe, tumefika mahali pa kuitania kijiweni kana kwamba ni kipaji.

Na mimi ninayesema hapa sijatoka nje ya hesabu hiyo. Ninayo yangu. Nimeizoea mpaka paja haliumi.

Fundi hajatukataa. Haombi tumletee kitu kizima, anaomba tumwachie kibovu, apasue. Ni sisi tunaomwambia asubiri msimu upite, kama vile ufunguo utakaa msumarini siku zote bila mtu kuuomba.

Utaombwa. Siku moja utakuwa kitandani umegeukia ukutani, na mtu unayempenda atasimama mlangoni. Utampa, kwa sababu unampenda. Naye atapanda kila ulichomwachia, atashika barabara ile ile unayoipita wewe kila siku, na akifika pale panapoinama atauliza ulikuwa unafanyaje.

Wewe hutakuwepo kumjibu.